Ndoo Zisizohesabiwa

Newala hatusimami kwenye foleni ya maji, husimama ndoo. Alfajiri unaiweka yako nyuma ya ndoo ya jirani, unakwenda shambani, na saa nne au saa nane, bomba likikohoa na kuanza kutoa, ndoo yako ipo palepale ulipoiacha, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeisogeza. Nimekulia katika sheria hiyo. Ndiyo maana hasira yangu juu ya lile sanduku la chuma haijapoa mpaka leo.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Ghala la zamani la korosho, lililokuwa la ushirika, lilipakwa rangi ya samawati na kuwa kituo cha mafunzo na mtandao. Tulikuwa na kompyuta kumi na mbili, dishi juu ya bati, na harufu ya maganda ya korosho ambayo rangi haikuweza kuifunika. Mimi ndiye niliyekuwa mwangalizi wa chumba. Wafadhili walitaka tuweke lango: mashine ya kukaa kati ya kompyuta zetu na mtandao, ichuje virusi na picha chafu, na imtambue kila anayeingia. Mkuu wa kituo akaniambia niandike tunachohitaji.

Niliandika kwa wiki mbili, kwa furaha ya kijinga, kana kwamba naandika barua ya posa. Mashine yenye diski mbili, moja ikifa nyingine ishike. Betri ya kuivusha umeme unapokatika. Kichujio cha vumbi, kwa sababu mchanga wetu mwekundu huingia hata kwenye yai. Na leseni ya watumiaji themanini. Hiyo ndiyo ilikuwa roho ya mpango wote, maana mashine ile iliuzwa kwa idadi ya watu: jina la mtu likishaingia, linakalia nafasi moja mpaka kesho yake, na nafasi zikiisha lango linafunga.

Fundi wa kampuni alikuja kutoka Dar es Salaam mwezi wa tatu, watu wakiwa kwenye palizi. Alikuwa kijana mpole, viatu vyake vikimsikitisha kila alipovitazama. Alisimama mlangoni akahesabu vichwa. Sita. Kisha akaliona benchi la ukutani: kikapu, jembe, madaftari matatu, kanga iliyokunjwa, bakuli la bati.

"Hivi vitu ni vya nani?"

"Hao ni watu," nikamjibu.

Akacheka. "Kaka, mashine haiuzi leseni kwa majembe."

"Wamekwenda palizi, watarudi. Na njoo mwezi wa kumi, korosho zikianza kuuzwa. Wanakuja mpaka wa Tandahimba. Benchi halitoshi, vitu vinapangwa mpaka nje."

Mkuu wa kituo, aliyekuwa amesimama nyuma yetu akijipepea kwa karatasi zangu, akasema, "Mwanangu, hili ni soko huria. Tunanunua kinachoonekana."

Akatoa kalamu. Themanini ikawa thelathini. Diski ya pili ikafutwa. Betri ikabaki, kwa sababu aliitaka pia kwa televisheni ya ofisini kwake. Halafu, katika zile thelathini, tisa zikatengwa kwa wajumbe wa bodi, ambao wengi waliishi Masasi, na moja kwa ajili yake mwenyewe. Nafasi hizo hazikuweza kukaliwa na mtu mwingine, wawepo au wasiwepo. Hawakuwepo.

Mwezi wa kumi ulipofika, benchi lilijaa mpaka barazani. Kufikia saa sita mchana majina ishirini yalikuwa yameshaingia, na lango likafunga. Kila siku nilirudisha watu waliotoka mbali, na kila jioni nilimwandikia mkuu. Hakujibu hata mara moja.

Kisha akaja mkunga wa kijiji cha Mnyambe. Kila mtu alimjua. Nusu ya watoto wa huko walitua duniani mikononi mwake. Alikuwa anataka kwenda kusomea stashahada, na fomu ya chuo ilijazwa kwenye mtandao tu, mwisho siku hiyo, saa kumi na mbili jioni. Aliweka kikapu chake asubuhi, akaenda hospitali kumwona mzazi aliyemleta usiku. Alirudi saa tisa. Zamu yake ilikuwa imefika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee miwani karibu, herufi zenu ndogo kama chawa."

Nikaandika jina lake. Lango likakataa.

"Linasemaje?"

"Linasema tumejaa, Mama."

Akageuka polepole akakitazama chumba. "Tumejaa nani? Mbona viti vinne vitupu?"

Nikamweleza habari za leseni. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mwanamke anayedai uchungu bado.

"Kwa hiyo kuna watu wameweka ndoo bombani, na wao hawanywi maji ya Newala."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nimezalisha kwa taa ya chemli, wanawake wawili kitanda kimoja. Sijamwambia yeyote tumejaa."

Nikampigia simu mkuu. Alikuwa Masasi, kwenye kikao; nilisikia soda zikifunguliwa. Nikamweleza: mkunga, fomu, saa kumi na mbili.

"Mwambie aje kesho mapema."

"Kesho chuo kimefunga, Mzee."

"Basi si sisi. Ni mfumo."

Neno hilo ndilo lililonichoma. Mfumo. Kana kwamba sanduku lilitembea lenyewe kutoka Dar es Salaam na kalamu mfukoni. Mimi nilikuwepo ile themanini ilipokatwa. Niliuona mkono, niliiona hata pete kidoleni.

Mama wa Mnyambe alikuwa ameketi, mikono juu ya kikapu. Nje jua lilikuwa limeanza kulala juu ya bonde la Ruvuma. Nikafungua orodha ya lango. Jina la kwanza lilikuwa la mkuu wa kituo. Nililitazama kwa muda, kisha nikalifuta, na mahali pake nikaandika jina la mkunga. Ajira yangu yenyewe ilikuwa ya mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Alijaza fomu taratibu, akinisomea kila jibu kwa sauti kama kiapo. Ilipokwenda, saa kumi na moja na nusu, alinyanyuka, akatoa kikapuni mihogo miwili, akaiweka juu ya lango, pale lilipokuwa likipuliza joto.

"Hiyo ya kwako," akasema. "Hilo lisile."

Nikaanza kungoja kuitwa ofisini. Kila asubuhi nilifika nikiwa na maneno yangu tayari. Siku zikapita. Mwezi ukaisha, korosho zikaisha, mvua zikaanza, na mkunga akaaga kwenda chuoni. Niliitwa mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Mkuu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake, uso umejaa mshangao wa mtu aliyeibiwa.

"Hili lango lako," akasema, "linasema halinijui. Tangu lini?"

Nikamwambia siku yenyewe, ile ya fomu ya mkunga.