Betri Yenye Rangi ya Kucha

Leo fundi anayetuchajia betri za tochi sokoni Kionga amenijua mimi ni nani.

Jana nilimwachia betri yangu nzima, nimeitia alama ya rangi ya kucha. Leo kuifuata, ananipa nyingine, imevimba kama andazi, ya kulipuka wakati wowote.

"Betri zote sawa, dada. Itie tu kwenye tochi."

Sikugombana. Nikamwambia mbele ya wateja wake:

"Basi kaka, itie kwenye mfuko wa shati lako, ukae nayo mpaka adhana ya adhuhuri."

Akarudi nyuma hatua mbili. Wote wameona.

Ndipo akafungua tochi yake mwenyewe, akatoa betri. Rangi yangu ya kucha ile pale, nyekundu.

Nimeichukua. Iliyovimba nimemwachia mezani.

Nanyi akiwapa iliyovimba, muulizeni habari za mfuko wa shati.