Jumamosi za Mama Monicah

Mke wangu Dorcus amechuma majani chai miaka kumi na miwili, na miaka hiyo yote vidole vyake vimekuwa vyeusi. Utomvu wa chai hautoki kwa sabuni. Kwa hivyo nilipomwona Jumamosi moja asubuhi nyuma ya nyumba, anasugua vidole kwa ndimu na majivu mpaka vikatakata, moyo ulinilipuka. Mtu anayerudi shambani Jumatatu anamsafishia nani vidole?

"Naenda Kericho, Baba Monicah," akasema. "Kutembea tu."

Kutembea tu! Jumamosi ya nne mfululizo. Na jioni akirudi, anapika huku akicheka peke yake. Jirani yetu Mongina, ambaye hajawahi kuona jambo akalinyamazia, alinivuta kando. "Shemeji, mimi simo. Lakini hicho kicheko si cha sufuria."

Jumamosi iliyofuata nilidanganya kiwandani ninakofanya kazi kwamba naumwa na tumbo, nikamfuata. Nilikuwa tayari nimeamua nitampiga wapi huyo bwana.

Aliingia hoteli moja karibu na steji ya matatu, akaagiza chai. Mchuma chai ananunua chai! Nilijibanza kwenye mitumba ng'ambo ya barabara. Alikaa peke yake, macho kwenye televisheni ya ukutani, mchezo fulani wa mapenzi, akacheka mpaka akajifuta machozi. Hakuna aliyekuja. Hasira zikanizidi: yaani huyo mwanaume ana dharau kiasi hicho, anamweka mke wangu amngoje?

Kisha akazunguka mjini polepole, anatazama madirisha ya maduka, hanunui kitu, hana haraka. Mwisho akaingia maktaba. Nikasema, ndiyo hapa.

Nilichungulia mlangoni. Msichana wa maktaba alikuwa akitabasamu. "Karibu, Dorcus. Haya, mikono nione."

Mke wangu akanyoosha vidole vikakaguliwa pande zote mbili, ndipo akapewa kitabu. Na aliitwa Dorcus. Kwetu hakuna anayemwita hivyo, hata mimi.

Kumbe ndimu zote zile zilikuwa za kitabu. Mngedhani nilifurahi. Niliumia zaidi, wallahi. Mwanaume ningepigana naye.

Nilimwendea mezani. Alikuwa anasoma midomo ikimchezacheza, uso umetulia kwa namna ambayo sijaiona nyumbani miaka mingi.

"Mama Monicah."

Hakushtuka. Aliweka kidole pale alipofika. "Umenifuata."

"Si ungeniambia tu unakuja kusoma? Kwani ningekataa?"

"Hungekataa." Alinitazama usoni, bila hasira yoyote. "Ungekuja."