Baba Kauliza Kama Lori Limeshafika

Leo Baba ametukamata wote sebuleni kwa swali moja.

Tulikuwa tunachagua mji wa kuhamia naye, Itigi au Manyoni. Wiki nzima ni hilo hilo, nimechoka jamani. Nikamwambia, "Baba, chagua wewe. Utakakosema ndiko tunakokwenda."

Akacheka kidogo.

"Wakati wa Ujamaa, serikali ilipotuambia tuchague kijiji cha kuhamia, nilichagua," akasema. "Nilitaka Itigi. Nikaenda kwa miguu, nikatundika mzinga mtupu porini. Kwetu, nyuki wakiingia, ujue mahali pamekukubali."

Akangoja. Nyuki wakaingia. Akarudi mbio kumwambia Mama.

Alikuta nyumba yetu ya tembe imebomolewa. Mama, nami nikiwa mgongoni, tumeshapakiwa kwenye lori la kwenda kijiji kingine kabisa. Ule mzinga hakuurudia tena.

(Na umri wangu huu, haya nayasikia leo!)

Nikasema, "Pole, Baba. Safari hii unachagua kweli."

Akaniangalia.

"Unaniuliza, mwanangu, au lori limeshafika?"



Lori nimeshalikodi tangu juzi. La kwenda Manyoni.