Mzigo wa Kwenda Bagamoyo

Juzi, kwenye stesheni mpya ya Kilosa, niliona bango la watalii: Bagamoyo, mji wa kubwaga moyo. Papo hapo nikasikia harufu ya mbaazi mbichi.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, tulikuwa tunazimenya na bibi uani, dada yangu akitwanga mahindi kando. Nilikuwa nimetoka shule na maneno ya mwalimu mdomoni. Nilimwamkia mjomba, kaka yake mama, kisha nikawaeleza kwamba wapagazi waliotoka huku bara, walipoiona bahari, walitua mizigo na kubwaga moyo. Ndiyo maana mji ukaitwa hivyo.

"Bibi yake bibi yako alikuwa na dada," mjomba alisema. "Naye alifika huko. Yeye mwenyewe alikuwa mzigo."

"Nani alimpeleka?"

"Mjomba wake alimuuza, mwaka wa njaa. Kwetu mtoto ni wa mjomba."

Akanishika mkono, akaupapasa kama anayenunua kuku. "Huyu angetoa debe moja la mahindi." Akamtazama dada. "Yule, mawili."

Bibi alicheka, nami nikacheka. Mchi wa dada ulinyamaza. Nilidhani anaringa, nikamwonea wivu kwa lile debe la pili.

Baada ya mavuno mjomba alimwoza kwa mzee mmoja tajiri wa kule mbugani. Dada aliondoka akilia. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama ng'ombe wakiingia zizini kwa mjomba, nikajiuliza siku yangu ikifika nitaleta wangapi.