Njia Mbili za Kwenda Chooni

Siku tuliyopima uwanja wa mkutano wa injili, huku kwetu Ikolo, tulikuwa watano: mwenyekiti wa kamati, jirani yetu mjane mwenye shamba la kakao, wadogo zangu wawili, na mimi. Nilikabidhiwa vyoo na maji kwa sababu uwanja umepakana na nyumba tuliyoachiwa na wazazi, na kisima cha nyuma ya nyumba ndicho tunachotegemea kwa maji ya kunywa.

Shule niliiacha mapema, nikawalea wadogo zangu kwa jembe. Ardhi ile naijua. Vyoo niliviweka upande wa chini, maji yanakoelekea ziwani, mbali na kisima. Kisha nikachora njia moja pana ya kwendea huko.

Mjane akaitazama, akacheka. "Mwanangu, njia moja? Mke akikutana na baba mkwe wake hapo katikati, atapita wapi?"

"Mambo ya zamani hayo," mwenyekiti akasema. "Watu wanakuja kusali."

"Ya zamani? Nani juzi alitumbukia kwenye mpunga wangu, na suruali ya kanisani, alipomwona mke wa mwanawe anakuja?"

Wadogo zangu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Nikaelewa. Kwetu mke na baba mkwe hawakutani njiani. Lazima mmoja akwepe. Kwa njia moja, wanawake wangekwepa na kujisaidia kwenye kificho kilicho karibu, yaani migomba yetu, juu kidogo ya kisima. Mvua ikinyesha, uchafu wote tungeunywa sisi.

Njia ya pili haikuwa na pa kupita ila shambani kwa mjane. Nikamwomba. Akaitazama migomba yake, maana ndiyo kivuli cha miche ya kakao.

"Kata," akasema. "Lakini ukate ukijua utapanda."

"Ndaga, mama," nikamshukuru.

Tulikata safu nzima ya migomba. Siku ya mkutano watu walikuja hadi kutoka Ngana na Makwale. Wanaume wakashukia huku, wanawake kule. Nyuma ya nyumba yetu hapakukanyagwa hata jani, na maji ya kisima yalibaki safi. Mwenyekiti alitembea katikati ya njia ya wanaume, kifua mbele.

Nusu ya safu nimeshairudisha. Nusu nyingine yule mjane bado ananidai, na miche ya upande huo nimeikingia jua kwa matete mpaka migomba yake isimame.