Kiti cha Mbele Kilichobaki Kibiti

Gari lenyewe nililikuta nyuma ya godauni la ushirika lililofungwa, pale Kibiti, limepandishwa juu ya matofali na mihogo ya watu imeanikwa kwenye paa lake. Lilikuwa gari dogo la saluni, la Kijerumani, la milango minne, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kukimbia: kabureta mbili, gia tano, na mshale wa spidi wenye ruhusa ya kufika mia mbili na ishirini. Mhandisi mmoja Mzungu alikuja nalo, mkataba wake ukaisha, akaondoka, likabaki. Kwa barabara zetu za miaka ile ilikuwa sawa na kumvalisha mtu viatu vya ngozi aende kupanda mpunga. Ukifika arobaini umejitakia mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mnyamwezi wa Tabora, nimepangiwa kazi huku. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Wenzangu walitoka darasani wakaenda kuuza mitumba na sabuni, nami nikatoka darasani nikaenda kukwangua kutu. Watu waliniona nimerukwa na akili, na sikuwa na nguvu za kubishana nao. Gari nililinunua kwa sababu ya baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja pale Tabora, na kwa muda mfupi alipata kuendesha gari la aina hii hii. Tajiri akaliuza, baba akahamishiwa lori. Tangu hapo alilitaja gari lile jinsi wanaume wengine wanavyomtaja mchumba aliyeolewa kwingine, na mama alikuwa akinyanyuka na kwenda zake jikoni kila akisikia mazungumzo yanaelekea huko. Sasa macho ya mzee yalikuwa yanakwenda. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi na kilichobaki kitafuata. Dada yangu alikuja Dar es Salaam kufuata mitumba, akapanda basi mpaka Kibiti makusudi aje kuniambia.

"Juani bado anaona," alisema, "ila kama mtu aliye ndani ya chandarua. Kama una cha kumwonyesha, mwonyeshe."

Cha kumwonyesha kilikuwa nyuma ya godauni. Nilitaka alione gari lile likitembea, limepakwa rangi, kabla chandarua hakijawa blanketi. Sikuwa na haja nyingine.

Injini niliifanya mwenyewe. Baba alinifundisha chini ya lori, kwa makofi inapobidi. Vipuri nilivifuata Dar siku za mapumziko, na ruksa ilikuwa imeanza kuvileta: gasketi, pete za pistoni, plagi, vitu ambavyo miaka michache nyuma ungevitafuta mpaka uzeeke. Lililonishinda ni sakafu. Kutu ilikuwa imeitoboa ukaweza kukaa kwenye usukani ukaona sisimizi wakipita chini.

Sakafu aliichukua jirani yangu. Alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, Mndengereko, mzaliwa wa kule delta, mto unapoingia baharini. Kazi ya kuunda majahazi ilipopungua alipanda Kibiti akawa anatengeneza vitanda na milango. Sisi Wanyamwezi na wao ni watani, tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo ya watu begani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako humshtaki, unakikomboa kwa kuku au kwa chochote atakachotaja, mnacheka, yamekwisha. Mimi nimelelewa hivyo. Lakini kulijua jambo na kulivumilia ni mambo mawili, na huyu bwana alinipima.

"Babu zenu walibeba pembe," alisema siku ya kwanza alipoliona, "na weye umeona bora ubebe gari. Upagazi hautoki damuni!"

Alinijengea banda la makuti, tukalisukumia gari ndani, naye akalipa jina la mwali, kwa kuwa mwali hufungiwa ndani hapo kwao mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Kila asubuhi nilipopita kwenda shule aliniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, kama mwali wangu anatolewa lini au bado ananenepeshwa. Watoto wa shule wakalishika hilo. Nilifundisha hesabu mwaka mzima huku darasa zima likijua nina mwali.

Kazi yake lakini haikuwa ya mzaha. Alikata mabati, akayapigilia, kisha akafanya kama wafanyavyo kwenye jahazi: alichovya pamba katika mafuta ya nazi, akaishindilia kwa patasi butu katika kila mwanya. Kalafati, ndani ya gari la Kijerumani! Nilimwacha. Tulimwaga ndoo ya maji juu ya sakafu ile, tone halikupita.

Kisha nikaenda Dar kununua rangi.

Niliporudi, harufu ilinipokea kabla sijafika kwangu. Nilidhani kuna mtu ameanika papa. Nilifika bandani nikamkuta yule fundi ameketi mlangoni, ameridhika, kopo tupu liko miguuni. Alikuwa amelipaka gari sifa. Kwa wasioijua, hayo ni mafuta ya maini ya papa, ndiyo wanayopaka mbao za chombo zisioze, na hakuna sabuni duniani inayoyatoa. Alikuwa ameyapaka sakafuni, ndani ya milango, ndani ya buti, na kwenye springi za viti.

"Nimekumalizia," alisema. "Chombo kisichopakwa sifa kinaliwa. Mie sitaki mwali wako aliwe."

"Hili ni gari, we mla papa! Gari! Linaogelea wapi?"

"Kutu inaletwa na nini? Si maji? Na dawa ya maji ni nini?"

Khaa! Nilikuwa na rangi ya bluu mkononi, ya gharama ya kuumiza, na mzee wangu Tabora akipofuka, na gari linanuka kama soko la samaki lililosahauliwa kufagiwa. Nikamwambia atoke kwangu na asikanyage tena. Nililisema kwa moyo wangu wote, na si kwa utani, naye alilisikia hilo.

Aliinuka. Akachukua spana yangu, akaingia garini, akafungua bolti za kiti cha mbele cha kushoto, kile cha abiria, akakitwisha kichwani.

"Mtani hafukuzwi," alisema. "Umevunja mwiko. Faini yake jogoo."

Nilimwambia hata unyoya hapati. Akaenda zake na kiti.

Basi kikawa kiti cha barazani kwake. Kilikuwa cha ngozi nyeusi, nilikuwa nimekishona upya kwa mkono. Aligundua wenzo mdogo wa kukilaza nyuma, na kuanzia hapo hakuna mgeni aliyefika pale asilazwe na kuinuliwa. Nikipita alinisalimu amejilaza, kofia imemshuka usoni.

"Spidi ngapi leo, mwalimu? Mie hapa nimefika mia mbili."

Nilipita zangu. Nilipaka rangi. Nilisugua harufu kwa ndimu, kwa majivu, kwa kahawa, na harufu ikatulia tu kama mgeni aliyeonyeshwa chumba chake. Siku injini ilipokubali, ikanguruma sawasawa bila kukohoa, shemeji yangu, mke wa yule bwana, alitoka na debe akalipiga, wanawake wa jirani wakapiga vigelegele, mwali ametoka. Nilisimama pale nimejaa grisi, na ningekuwa peke yangu ningelia. Gari lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno, na mbele kushoto palikuwa na shimo.

Likizo ndefu ilipokaribia, msafiri mmoja wa kwetu aliniletea salamu kwamba mzee siku hizi huuliza mchana kama taa imewashwa. Nikameza kiburi, nikanunua jogoo, nikaenda barazani. Alimpokea jogoo, akamchinja, shemeji akampika kwa nazi, tukala vizuri. Nilipoinuka kuchukua kiti, alikaa juu yake.

"Jogoo alikuwa wa kunifukuza," alisema. "Kiti bado hujakikomboa."

Hapo nikawaka. "Baba yangu anapofuka! Nataka akae hapo mbele, akae angalau mara moja kabla macho hayajazima kabisa, na wewe unanifanyia mchezo!"

Kicheko kilimtoka usoni. "Hukuniambia," alisema.

"Ungefanya nini?"

Alivua kofia yake. Alinitazama, kisha akasema polepole, "Walimu wa bara wakipata gari hawarudi. Wawili wa kabla yako hawakurudi. Nikikupa kiti nimekupa vyote." Na hakunipa. Niliondoka nikimlaani yeye, na delta nzima, na babu zangu walioshuka pwani na kutuletea watu hawa.

Asubuhi ya safari nilimkuta bandani ameinama ndani ya gari langu, anakaza bolti. Pale penye shimo palikuwa na kiti cha mbao. Kilikuwa cha mninga, mgongo wake umepinda kufuata mgongo wa mtu, kimelainishwa mpaka mkono unateleza, na ukingoni amechonga nakshi kama zile wanazochonga kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya jahazi. Alikuwa amekipaka sifa, bila shaka.

"Mzee akae hapa," alisema. "Ila chako kiko kwangu, usisahau. Utarudi."

Sikumshukuru. Nilikuwa na aibu ya kumpelekea baba gari lenye kiti cha fundi wa majahazi na harufu ya papa. Niliondoka.

Mbele ya Chalinze nilipata lami isiyo na mashimo, nikakanyaga. Mshale ulipanda mpaka mia na arobaini, gari likalala chini barabarani, likatulia, nikaelewa kwa nini baba alikuwa akilitaja vile. Nikaona vibaya kufurahi peke yangu, nikapunguza. Baada ya Dodoma lami ikaisha, vumbi likaanza, na jua lilipopanda sifa ikachemka. Kila nilipojaza mafuta, mwuzaji alichungulia nyuma kutafuta samaki.

Tabora nilifika kabla ya adhuhuri, makusudi, jua likiwa kali. Baba alikuwa ameketi nje ya nyumba. Nilikuwa bado kwenye kona alipoinuka, akageuza uso kwenye mlio, akatabasamu, akaanza kuja. Nikasema, ala, anaona! Kisha akaikanyaga ndoo ya maji iliyoonekana wazi mbele yake, maji yakamwagika, naye akasimama, mikono imetangulia mbele.

Nilikuwa nimechelewa. Iliniuma, na mpaka leo sijui maneno ya kuipunguza.

Aliligusa gari kuanzia boneti. Alilizunguka lote kwa viganja. "Rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu," akarudia, kama mtu aliyetajiwa mji ambao hajawahi kufika.

Nikamfungulia mlango. Akanyanyua pua. "Nani amekufa humu?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa hasira, neno kwa neno, mpaka chombo kisichopakwa sifa kinaliwa. Alikuwa anapapasa kiti huku ananisikiliza. Mkono ulishuka mgongoni mwa kile kiti, ukafika ukingoni, ukaikuta nakshi, ukasimama hapo. Ukaifuata taratibu mpaka mwisho, ukarudi.

"Na hiki?"

"Yeye. Cha kwako amekikamata."

Baba alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango asianguke, machozi yakamtoka kwenye macho yale yale. "Mndengereko amekufunga!" alisema. "Lo! Amekufunga kamba shingoni, mwanangu, nawe umeendesha mpaka huku nayo!" Akaingia, akakaa, akajiweka sawa, akaufunga mlango mwenyewe. "Haya, kimbiza."

Likizo yote alikaa kwenye kiti kile, gari likitembea au limesimama. Watu walikuja kumsalimu humo. Aliwaeleza habari za papa na za nakshi, akishika mikono yao na kuipitisha ukingoni, na habari za bluu yangu hakuzitaja hata mara moja.

Asubuhi ya kuondoka nilitoka na begi nikamkuta amepiga magoti garini, spana mkononi, anafungua bolti ya mwisho kwa kupapasa. Alikinyanyua kiti mwenyewe, hakukubali nimsaidie, akakiweka barazani, akakikalia.

"Mwambie huyo mtani kiti changu kiko kwake," alisema. "Akikirudisha, atapata chake."

Nilirudi Kibiti na shimo lile lile. Jirani alikuja bandani kabla sijazima injini. Alichungulia ndani.

"Kiti changu kiko wapi?"

"Mzee amekikamata."

Alinigeukia. "Na macho?"

"Yamekwisha. Hakuliona."

Aliingiza mkono, akapapasa penye shimo. "Sasa kiti alikijuaje?"

"Kwa mkono. Alipofika kwenye nakshi akaanza kucheka."

Alitoa mkono garini. Alirudi barazani kwake, akakaa kwenye kile kiti changu, akavuta wenzo, akajilaza, akajifunika uso kwa kofia. Alikaa hivyo muda. Shemeji alitoka akamtazama, akanitazama mimi, akarudi ndani.

"Mwambie mzee," alisema hatimaye, kutoka chini ya kofia, "faini ni jogoo wa Tabora. Na amlete mwenyewe."

Baba hakuja Kibiti, na fundi hakwenda Tabora. Mpaka baba alipozikwa, kila mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwenzake.