Bafle Isiyo na Mgongo

Nimekana kwa miaka thelathini. Sasa nimestaafu kazi ya spika, naungama: bafle iliyonipa jina sikuitengeneza kwa fizikia niliyosoma chuoni. Niliivua mgongo kwa sababu ilikuwa nzito na mlima ulikuwa mrefu.

Siku yangu ya kwanza kazini, mtaani Nyamirambo, mwaka 1992, nilifika na shahada na viatu vyeupe. Mwenye duka, tuliyemwita Patroni, alikuwa akikodisha na kuuza bafle, yaani maboksi ya mbao yenye spika za gitaa. Mteja akaniuliza achukue ipi. Nikamweleza mawimbi ya sauti mpaka akaanza kutazama mlango.

Patroni akanivuta kando. “Mademoiseli, kwanza umuulize: utapigia wapi?”

Hilo ndilo somo lote la kazi yetu. Wa nyumbani nilimpa spika moja ya inchi kumi, maana bafle kubwa ikipigwa kwa sauti ya chini hunung’unika tu, haiimbi. Wa ukumbini nilimpa mbili za inchi kumi na mbili, nikamuuliza ana watu wa kuibeba. Kisha tulisoma omu, namba ya ukinzani iliyoandikwa nyuma. Ikiwa chini ya ile inayotakiwa na amplifaya, amplifaya huungua, na mteja hurudi na kaka zake.

Mwaka huohuo biashara ililegea. Vita vilikuwa kaskazini. Watu waliendelea kuoana, lakini bila gitaa. Ndipo mpiga gitaa wetu, Viateri, alipoitwa kwenye posa huko juu ya mlima wa Rebero. Mjomba wa bibi harusi alikuwa mkurugenzi wa hoteli na alitafuta bendi ya kila Jumapili.

“Akipenda, atapiga simu Jumatatu,” alisema Patroni. “Asipopiga, nafunga duka. Weye utarudi kwa vitabu vyako.”

Nilichagua bafle kubwa, fahari ya Patroni, ambaye aliifungia mwenyewe mgongo wa mbao ngumu. Mvua ilikuwa imenyesha. Chini ya mlima pikapu ikazama kwenye matope.

“Dada, hii si bafle, ni kabati ya bibi yangu,” Viateri alihema tulipoinyanyua.

Nilikuwa na bisibisi. Nikafungua skrubu, nikauacha ubao kwenye pikapu, tukapanda.

Juu tulikuta familia mbili zimeshaketi kwenye mahema mawili yanayotazamana, kama ilivyo desturi, na wasemaji wao wameanza kuchokozana. Soketi ilikuwa moja tu, kwenye ukuta wa nyumba, katikati ya mahema. Nikaiweka bafle hapo: uso kwa upande wa bwana harusi, mgongo, yaani shimo, kwa upande wa bibi harusi.

Nilijua mjomba ameketi upande wa shimo. Nikaanza kutunga kichwani barua ya kuomba kazi ya ualimu.

Viateri akapiga. Spika ilisukuma sauti mbele, na kwa kuwa hapakuwa na ubao wa kuizuia, ikasukuma na nyuma vilevile. Mahema yote mawili yakapiga makofi kwa pamoja. Mzee mmoja wa upande wa shimo akawapigia kelele wa ng’ambo: “Leo hamutuzidi kitu! Siku zote gitaa inaimbia nyinyi, sisi tunasikia ubao tu!”

Jumatatu asubuhi Patroni alisimama mbele ya bafle, mikono kiunoni.

“Mgongo iko wapi?”

“Nimeutoa, Patroni.”

“Umeutoa! Kazi ya mikono yangu! Kwa nini?”

Simu ikalia. Akaipokea huku bado ananikodolea macho. “Ndiyo, Mzee... Kila Jumapili?... Ndiyo, Mzee.” Akaketi. Akafunika simu kwa kiganja. “Anataka ileile, isiyo na mgongo. Anauliza nani alifikiri akili hiyo.”

Nilitazama viatu vyangu, ambavyo havikuwa vyeupe tena.

“Ni fizikia, Patroni.”

Akainua kiganja. “Ni musichana wetu wa yunivasiti, Mzee. Mimi ndiye nilimufundisha.”